Ng'ombe wa Ukutani

Mihayo, karani wa mizani ya pamba pale Kishapu, alikuwa na ng'ombe saba na kuta nne tupu. Ng'ombe sita walitosha kumposea mwanawe Mabula. Wa saba alikuwa wa maziwa, na huyo hakutaka hata kusikia akitajwa. Kuta ndizo zilizomkosesha raha mkewe.

"Baba Mabula, wakwe wanakuja Jumamosi," alisema Zipora. "Watakaa waangalie nini? Udongo?"

Kalenda ya chama cha ushirika ilikuwepo, lakini ilikuwa ya mwaka juzi, na kila karani wa Shinyanga alikuwa nayo. Mihayo alitaka pambo la mtu aliyefika mbali, kwa bei ya mtu ambaye hajaenda popote. Akadandia lori la pamba hadi Mwadui, ambako fundi mmoja Mzungu wa mgodi wa almasi aliyekuwa akirudi kwao alikuwa anauza vyombo vyake barazani. Friji ilimshinda. Redio nayo ikamshinda. Akarudi na picha kubwa yenye fremu ya rangi ya dhahabu, ng'ombe kumi na wanne wanene wanakunywa maji mtoni, kwa shilingi kumi na mbili tu. Njia nzima alimsimulia dereva jinsi Wazungu wasivyojua bei.

Jumamosi akafika Maige, baba yake Limi, binti aliyeposwa na Mabula, pamoja na ndugu zake wawili. Mzee huyu alikuwa amechunga tangu meno ya utoto. Vitambaa alivyofuma Zipora wiki nzima hakuviona, chai hakuigusa. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye picha, akasimama kama yuko mnadani.

"Wazuri," alisema. "Wa nani?"

Mwenye akili angejibu kuwa ni picha tu. Lakini sifa ni ugonjwa, na Mihayo alikuwa nao tangu ujana.

"Wangu, mzee. Wako Isaka kwa ndugu yangu. Nilimwita mtu akawachora."

"Wote?"

"Wote."

Zipora alimwaga chai kwenye kisahani. Maige akawahesabu kwa ncha ya fimbo, mmoja mmoja, akimtaja kila mmoja kwa rangi yake.

"Basi mahari ya Limi ni hawa hawa kumi na wanne. Jumatatu tufuatane Isaka tukawaswage."

Mabula alimtazama baba yake. Miaka miwili alikuwa akimngoja Limi, na macho yake yalisema hivyo bila kuficha. Mihayo aliona aibu.

"Nisamehe, mzee," alisema mwishowe. "Hao hata kwao sikujui. Picha nimeinunua Mwadui. Wangu ni saba, wako zizini."

"Najua," alisema Maige. Akaketi, akavuta kikombe cha chai. "Nimechunga miaka hamsini. Hapo ukutani hakuna hata mmoja mwenye nundu. Ng'ombe wa Usukumani asiye na nundu umemwona wapi? Nilijua tangu mlangoni. Nilitaka tu kujua namwozesha binti yangu kwa watu gani."

Akanywa chai taratibu.

"Umekiri, na hilo ni jema. Mahari ni sita. Na mmoja wa faini, kwa kumdanganya mkwe."

Ndugu zake wakaitikia kwa kichwa. Faini ya namna hiyo haina rufaa.

"Badala ya huyo wa saba, chukueni picha," Mihayo alibembeleza. "Fremu yake peke yake..."

"Haikamuliwi," alisema Maige.

Limi aliolewa baada ya mavuno, na kwa Mihayo sasa wanakunywa chai ya rangi. Mara kadhaa amejaribu kuishusha ile picha, lakini Zipora hataki kusikia. Wageni huisifu sana, na wengine huuliza ilinunuliwa bei gani.

"Shilingi kumi na mbili," hujibu Zipora, akimtazama mumewe, "na ng'ombe mmoja wa maziwa."