Skrubu Sita kwa Kila Dawati

Fundi seremala aliipa shule ya mjukuu wake madawati arobaini bure, na kwa kuwa wezi aliwajua vizuri, kila dawati alilikaza sakafuni kwa skrubu sita. "Hata tetemeko litayaacha hapo hapo," alijigamba.

Kwa hiyo aliposikia kwamba mwalimu mkuu mpya ameanza kuyang'oa, alifika shuleni kakunja uso.

"Mwalimu, zawadi yangu imekukosea nini?"

"Haijanikosea kitu, mzee wangu. Ila siku hizi tunataka watoto wakae kwa vikundi, watazamane, waulizane. Madawati yako yanawaonyesha visogo tu. Tumefungua skrubu za darasa moja tu, mikono imetutoka malengelenge! Njoo uone."

Aliingia shingo upande. Mjukuu wake, binti ambaye nyumbani hata salamu humtoka kwa kuvutwa, alikuwa amesimama katikati ya wenzake watano, ameshika vipande vya karatasi.

"Robo ndiyo kubwa," mmoja alibisha. "Nne si inaizidi tatu?"

"Haya, pima mwenyewe," binti alimjibu, akampa robo na theluthi mkononi.

Fundi akashindwa kuvumilia. "We mtoto, hebu…"

"Babu! Hapa anayetaka kusema ananyoosha mkono."

Darasa zima likaangua kicheko. Fundi alimtupia jicho mwalimu mkuu, kisha taratibu akanyoosha mkono.

"Haya, babu, sema."

"Naomba ruhusa nitoke," alisema. "Nikalete bisibisi."