Jua la Dhaka, Futari ya Doha

Hasna Banu alipanda ndege pale Dhaka akiwa amenuna, na sababu ilikuwa tiketi. Mwanawe Touhid, fundi cherehani huko Doha, ndiye aliyeichagua: ndege ya saa nane mchana, tena katikati ya Ramadhani. Safari yenyewe ni kilomita elfu nne kasoro kidogo, saa tano na ushei angani. Mama alipiga hesabu kwa vidole akaona Magharibi itamkuta mawinguni. Mwaka wa saba huo mtoto anafuturu peke yake ugenini, na siku mama anapokwenda, atafuturu peke yake tena! Alipomlalamikia kwenye simu, Touhid alicheka tu, akasema jua litamsubiri.

Kwao futari haipakuliwi kila mtu na sahani yake. Bisi za mchele, dengu na bajia za vitunguu humwagwa kwenye bakuli moja kubwa, mama akatia mafuta ya haradali na kuchanganya kwa mkono wake, kisha wote wakachota humo. Ndiyo maana begi la Hasna Banu lilikuwa na bisi nyingi kuliko nguo.

Huko angani, saa yake ya mkononi ilifika wakati wa adhana ya Dhaka. Jirani yake wa kiti, kijana aitwaye Liton aliyekuwa akirudi kazini, akatoa tende.

"Karibu, mama. Dhaka wameshafuturu."

"Kwani sisi tuko Dhaka?" Akamwonyesha dirishani. "Lile nini, taa ya jirani?"

Jua lilikuwa juu, linawaka, halina habari na mtu. Liton alijitetea kwamba msafiri ana ruhusa ya kula. Mama akamjibu kuwa ruhusa anaijua, lakini hakuvumilia tangu daku aje ashindwe na tende ya mtu. Kijana alicheka, akairudisha tende mfukoni.

Ila tangu hapo Hasna Banu hakubanduka dirishani. Kila akichungulia, jua limeshuka kidogo tu. Ndege ilikuwa ikilifuata kulekule linakokwenda. Basi kumbe mtoto hakuwa anafanya mzaha! Kinyongo chote kikamtoka, akabaki anatabasamu peke yake, midomo imemkauka.

Walitua Doha Alasiri haijaisha. Touhid alimpokea, akamkumbatia, akabeba begi na kuuliza kuna mawe gani humo. Chumbani kwake, juu ya meza, lilikuwapo bakuli jipya, kubwa mno kwa mtu mmoja. Alilinunua siku ileile aliyokata tiketi.

Mama alinawa, akachanganya. Harufu ya haradali ikajaa chumba kizima. Adhana ilipoanza, Touhid alimsogezea bakuli.

"Anza wewe, Amma. Leo umefunga siku ndefu kuliko watu wote."

Hasna Banu alichota tonge, akalipeleka kinywani kwa mwanawe, mwanamume mzima mwenye masharubu.

"Fumbua, baba. Siku yangu haikuwa ndefu. Ndefu ilikuwa ile miaka saba."

Touhid alitafuna huku machozi yakimtoka, wala hakuyafuta. Ndipo mama akanywa maji.