Mama Povu na Mteja Aliyemwanika

Kama kuna kitu kilimtia Mama Povu kichefuchefu hapa duniani, ni mtu anayeoga kwa sabuni ya mwenzake kisha anakwenda benki kulia kwamba hakununua kitu. Mwizi wa kuvunja mlango angalau hutoka jasho. Huyu wa mtandaoni anaiba akiwa kwenye kochi, miguu juu, mwenyewe ananukia. Ptuu!

Na walikuwa wamemwandama kwelikweli. Mama Povu alipika sabuni za mchaichai katika chumba cha nyuma ya nyumba, akazikata kwa waya, akazifunga kwa karatasi ya kaki, akawauzia mtandaoni watu wa miji ya mbali waliolipa kwa kadi. Mwanzoni mambo yalinyooka. Kisha zikaanza kumiminika barua pepe za kampuni inayompokelea malipo: mteja fulani ameiambia benki yake kwamba hayatambui malipo haya, kwa hiyo amerudishiwa fedha zake. Hayatambui! Sabuni kachukua, fedha karudishiwa, na juu yake mwenye duka anapigwa faini. Safari hii kampuni haikuzunguka: kesi moja zaidi ikimwelemea, akaunti inafungwa. Na akaunti ikifungwa duka limekufa, na binti yake aliyeko chuoni atafungasha virago arudi nyumbani.

"Wanakuona mnyonge," alisema mumewe, akinawa mikono kwenye bomba la uani. Yeye alikuwa na gari la kunyonya vyoo, na tangu waoane hakuwahi kuingia ndani kabla ya kunawa. Leseni ya biashara ilikuwa yake, ndiyo maana hata akaunti ya malipo alimfungulia yeye. "Mshike mmoja tu, wengine watashika adabu."

Basi mmoja akapatikana. Alikuwa mwalimu wa chekechea, aliyeagiza boksi zima kisha akayapinga malipo. Mpeleka mizigo hupiga picha kila anapokabidhi, na picha ilikuwepo: mwanamke mwenye miwani amesimama mlangoni kwake, boksi kifuani, anatabasamu. Mama Povu aliikuza picha ile mpaka meno yakajaa kioo cha simu.

"Tazama meno hayo! Ananichekea mimi, jamani! Mikono imeshika mali yangu na bado anacheka!"

Mtu mwenye akili zake angeituma picha kwa kampuni, pamoja na sahihi ya kupokelea mzigo, akangoja uamuzi. Aliituma, ndiyo, hilo tusimnyime. Lakini hasira zilikuwa zimempanda kichwani, akaitundika na kwenye ukurasa wa duka, kwa herufi kubwa: MWIZI HUYU. ANAOGA BURE. NA ANAFUNDISHA WATOTO WENU. Chai yake haijapoa, watu walikuwa wameshaisambaza kila mahali, na matusi waliyomporomoshea yule mwalimu hayasemeki mbele ya watu wazima.

Kesho yake simu ikalia.

"Wewe ndiye Mama Povu?" Ilikuwa sauti ya mtu aliyelia mpaka akamaliza.

"Ndiye. Nani mwenzangu?"

"Mwizi wako."

Mama Povu akavuta kiti, ampe vidonge vyake vizuri. "Loo, huna hata haya! Unathubutu kunipigia mimi, na sabuni yangu bado haijakukauka mwilini?"

"Dada, nisikilize kwanza. Sabuni zako nimezipokea, nimezipenda, nimewasifia wenzangu kazini. Benki sikwenda kupinga sabuni. Nimepinga choo."

"Choo gani?"

"Taarifa ya kadi yangu inasema nimelipa kampuni ya kunyonya vyoo. Mimi nakaa ghorofani, nyumba ya kupanga. Hicho choo cha kunyonya ninacho wapi? Nikajua kadi yangu imeibwa, nikawaambia benki. Sikujua kama malipo ni yako mpaka mzazi mmoja aliponionyesha sura yangu kwenye simu yake."

Mama Povu akazikumbuka zile barua pepe zote: hayatambui malipo haya. Hakuwahi kununua sabuni yake mwenyewe. Angeonea wapi kile anachokiona mnunuzi? Aliziba simu kwa kiganja akamgeukia mumewe. "Kwenye akaunti uliandika jina gani?"

"La kampuni yangu, lipi tena? Leseni si yangu? Ulitaka niandike Povu?" Akaangua kicheko.

Mama Povu alimtazama mwanamume huyu anavyocheka, akatamani amrushie sufuria. Kisha akaona aibu, maana mumewe hakumtundika mtu popote. Uchafu ule ulikuwa wake peke yake, tena ameuandika kwa herufi kubwa.

"Namba yangu ya simu iko kwenye oda," mwalimu alikuwa akisema. "Kwa nini hukunipigia?"

"Dada yangu… sina la kujitetea. Nisamehe."

"Leo nakwenda benki kufuta lile pingamizi. Nitasema malipo ni halali, kosa ni langu. Siwezi kukaa na mali ya mtu."

Duka limepona, basi! Mama Povu alihisi furaha imemjaa moyoni, akajichukia hapohapo kwa kuihisi. "Na mimi naiondoa picha sasa hivi. Nitakuomba radhi mbele ya wote."

"Iondoe. Mkuu wa shule kaniambia nikae nyumbani kwanza, mpaka wazazi watulie." Simu ikakatwa.

Aliiondoa. Akaandika kwamba mwalimu si mwizi, kwamba amemchafua mtu asiye na hatia, kwamba jina kwenye akaunti linabadilishwa leo hii. Waliosoma walikuwa wa kuhesabika. Picha yenyewe iliendelea kutembea kwenye simu za watu, na ukurasa wa duka ukajaa wageni. Safi sana, mama, waanike hao! Nimecheka mpaka basi. Nitumie maboksi mawili.

"Umeona?" mumewe alisema, akichungulia begani kwake. "Oda hizo! Sasa tutafute sufuria kubwa zaidi."

Mama Povu alisoma ya kwanza, akasoma ya pili, akakimbilia karoni, akatapika mpaka machozi yakamtoka. Kisha akajifuta mdomo, akaingia chumba cha nyuma, akashika waya, akaanza kukata sabuni zao.