Fomu ya Pirinka

Emőke aliitia saini fomu ya kumsajili mtoto akiwa bado kitandani hospitalini, nafasi ya jina ikiwa tupu. Alimkabidhi mumewe, Botond. "Usiijaze mpaka barua ije kutoka Budapest. Nakuomba, mume wangu."

Jina alilolitaka ni Pirinka, la mdogo wake aliyekufa maji mtoni Tisza akiwa na miaka kumi na tisa. Yeye na mdogo wake walizaliwa ng'ambo ya mpaka, upande wa Waserbia, na huko hakuna aliyemuuliza mama yao kalitoa wapi jina hilo. Hungaria, alikoolewa, ni mambo mengine. Jina lazima liwemo kwenye orodha, na bibi msajili alikuwa ameipekua mara mbili, siku chache kabla ya uzazi, asilione.

"Dada yangu, sheria sikuitunga mimi," alimwambia. "Piroska lipo. Pirinka itabidi wataalamu wa lugha huko Budapest walipime kwanza. Kama mwezi hivi."

Mama mkwe, Gizella, hakuficha lake. "Jina gani hilo, kama la kuku? Tena la marehemu! Unamtafutia mtoto nuksi."

Siku ya kumi na moja Botond alirudi kutoka kazini na keki mkononi na cheti cha kuzaliwa kwapani. Emőke alikisoma akiwa amesimama, mtoto begani. Jina la mtoto: Gizella.

"Ulisema utangoja."

"Wangekataa tu hao. Halafu mama alilia, Emőke. Ningefanyaje?"

"Na mimi nikilia?"

"Wewe si unalia kila siku."

Keki ililiwa na mama mkwe, vipande viwili, akisifia siagi.

Barua ikaja wiki mbili baadaye. Mistari mitatu: jina limekubaliwa, linaweza kusajiliwa kwa mtoto wa kike. Emőke aliondoka na ndala miguuni hadi ofisini. Msajili alisoma, akavua miwani, akaipangusa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Kubadilisha kunawezekana, mwanangu. Ila nataka saini mbili, yako na ya baba yake."

Botond hakuigusa hata kalamu. "Tuwe kichekesho cha mji? Mama nimwambie nini?"

Emőke hakumwacha mumewe, angekwenda wapi na kichanga? Alipika, alifua, alimnyonyesha mtoto. Mbele za watu alimwita "kipenzi", na wote wakamsifu kwa upole wake. Usiku, mtoto akiwa usingizini, alimwita Pirinka, kwa sauti ndogo, kama mwizi.

Binti alipofika miaka mitatu, mchana mmoja Emőke alimwekea supu mezani akamwita, "Pirinka, njoo ule."

Mtoto hakugeuka. Alikuwa akipanga vibanio vya nguo sakafuni. Aliitwa tena, akainua uso, akatazama mlangoni kuona nani ameingia.

"Pirinka ni nani, mama?"

Emőke alikikatakata kipande cha mkate mpaka kikawa makombo.

"Hakuna," alisema. "Kaa ule, Gizella."