Beseni Kizingitini mwa Bafu

Mshonaji anayekaa chini yangu alikuwa ameshafunga makasha mawili. Miaka kumi na minane tumeishi hivyo, yeye chini na mimi juu, na bafu langu limeshamdondoshea maji kwenye cherehani mara tatu. Safari hii alisema bila hasira kwamba likianguka tone jingine, anahamia kwa binti yake.

Nikatafuta fundi mwingine, mwanamama mpole anayevua viatu kabla ya kuingia. Aling'oa vigae vyote, akapaka sakafu dawa ya kuzuia maji na kuipandisha mpaka ukutani, mara mbili. Ilipokauka, hakuweka vigae. Aliziba tundu la kutolea maji, akajaza maji kina cha vidole viwili, akachora mstari ukutani kwa penseli.

"Yalale hapa mpaka kesho," alisema. "Vigae havizuii maji, Bibi. Vinayaficha tu."

Asubuhi maji yalikuwa yameshuka unene wa ukucha. Fundi akasema huenda hewa imeyanywa. Hewa inakunywa kiasi gani? Swali hilo lilinikaa kichwani. Nikajaza beseni, nikachora mstari wangu, nikaliweka kizingitini. Fundi alicheka, kisha akarudishia maji yake mpaka kwenye mstari.

Kesho yake beseni lilikuwa limepungua unene wa uzi. Sakafu, ukucha mzima.

Fundi akakoroga bluu ya kufulia ndani ya yale maji. Huko chini mshonaji alipanda juu ya meza yake ya kukatia, akalala chali akikodolea dari, kama mgonjwa anayesubiri daktari. Fundi alitazamia itokee pembeni au kwenye tundu, maana huko ndiko maji hupenda kutorokea. Adhuhuri sauti ya mshonaji ikapanda kupitia dirisha.

"Bluu imefika. Iko katikati, karibu na taa. Na ikichafua gauni hili la harusi, utalivaa wewe uolewe."

Katikati? Tulitazamana. Fundi akayatoa maji, akapiga magoti, akapapasa sakafu mpaka kidole kikasimama kwenye kitundu kidogo kama cha sindano. Akasema labda hapo alipaka dawa nyembamba.

Mimi nilikuwa tayari njiani kwenda jikoni, nimekumbuka kitu. Kabla maji hayajajazwa mara ya kwanza, nilikuwa nimemkuta pekupeku, amechuchumaa akisawazisha ukuta, nikauonea huruma mgongo wake. Nikampa kigoda changu cha jikoni akikalie. Sasa nilikipindua. Mguu mmoja ulikuwa na msumari uliochomoza, na nchani imeganda dawa ya kijivu.

Nikampelekea. "Hukupaka nyembamba, mwanangu. Ni hiki."

Hakukitazama sana. Nadhani alishajua.

"Kigoda ni chako, Bibi, lakini aliyekikalia ni mimi. Tugawane."

Tukagawana. Yeye aliweka kiraka, akapaka upya, akasubiri kikauke kabisa. Mimi niliung'oa ule msumari, nikalinda mlango mtu asikanyage. Maji yakajazwa tena, beseni likarudi kizingitini.

Siku ya pili mshonaji alipanda mwenyewe. Aliinama na utepe wake wa kupimia, akapima sakafu, akapima beseni, akarudia sakafu. Vyote vilikuwa vimeshuka unene wa uzi.

Akauzungusha utepe shingoni, akaniuliza kama nina nafasi ya kumsaidia kufungua makasha.