Kibanio cha Pili

Eufrasia Valencia alikuwa akikaanga ndizi pumzi ilipomkatika, akaketi kwenye kigoda. Alipoinua macho, mwanawe Arcesio alikuwa mezani akingoja chakula. Watu wenye bunduki walikuwa wamemchukua kwa boti miaka kadhaa nyuma na kumzamisha kwenye mikoko.

"Mama, ndizi zinaungua," alisema.

"Si uzigeuze, una mikono."

Daktari Lucumí wa jiji la Cali alieleza kwamba vali moja ya moyo inavuja: damu iliyopaswa kwenda mbele inarudi nyuma. Habari za Arcesio hakuzitaja, lakini Eufrasia alielewa. Vali ilipovuja sana, Arcesio alishinda nyumbani, akala samaki wa nazi na kumtania dadake Nubia kwa unene. Ilipovuja kidogo, aliamkia tu, akaondoka. Kila mama alikokwenda, Arcesio alikwenda naye. Peke yake hakuweza. Eufrasia akavimba miguu, akawa analala ameketi, mapafu yamejaa maji.

"Utakufa, mama," alisema Nubia.

"Nikitibiwa, huyu atapikiwa na nani?"

"Huyu alishakufa. Na mimi je?"

Arcesio alikuwa akiosha sahani.

Walikwenda Cali wote watatu. Eufrasia alipewa dawa ya usingizi, mrija wa kupelekea vibanio vya kubana vali ukapitishwa kwenye mshipa wa paja hadi moyoni. Presha ikashuka, na kwenye skrini uvujaji ukaonekana mdogo. Arcesio, aliyesimama kando ya mashine, akafifia hata saa ya ukutani ikasomeka kupitia kifua chake.

"Usingizi unatudanganya," alisema daktari. "Mpandisheni presha."

Uvujaji ukarudi wote, na Arcesio naye, mzima, shati likichuruzika maji ya chumvi.

"Sogea, kijana, unaniziba," alisema daktari.

Akasogea. Kibanio cha kwanza kikashika vali, uvujaji ukapungua nusu. Arcesio akabaki kuanzia kiunoni kwenda juu.

"Naweza kuishia hapa," daktari alimwambia. "Atakuwa anahema, lakini wewe utabaki hivyo ulivyo."

"Ataweza kulala chali?"

"Hapana."

Arcesio alimtazama mama yake.

"Basi weka cha pili, daktari. Amechoka kulala kama kuku."

Kikawekwa. Nesi akapangusa maji sakafuni.

Mvua zilipopungua, Eufrasia alipanda ngazi hadi ofisi ya mwendesha mashtaka, ghorofa ya nne, bila kupumzika. Zamani hakuweza kufika hata ya kwanza. Akamtajia karani majina ya waliomchukua Arcesio, na mkono wa mto walikomzamisha.

"Nani alikwambia haya, mama?"

"Mwenyewe."

"Basi mlete aseme."

"Siwezi tena," alisema Eufrasia. "Nimepona."

Karani alimpa hongera, akamwita aliyefuata.