Supu ya Bwana Ormerod

Mwenye nyumba wetu, Bwana Ormerod, ni mkono wa birika hasa. Kwa hiyo Novemba hii alipoingia dukani kwangu, ninapotengeneza viatu, kabeba bakuli la supu ya njegere, nikajua kuna mtu anakufa. Nikaomba tu asiwe mimi.

"Kula, Tamsin, binti yangu. Baridi hii!"

"Baridi ni mali yako, Bwana Ormerod. Mimi nimepanga tu."

Akacheka bila kuonyesha meno. Jengo lake, hapa Todmorden, linavujisha joto kama kikapu, ndiyo maana wakaguzi wa utunzaji joto wakalipangia daraja la mwisho, G. Sheria inataka duka la kupangisha lisishuke chini ya E. Halmashauri imeshamwandikia kuhusu duka langu: atengeneze, la sivyo faini.

Akatoa karatasi. "Saini hapa. Nilitaka kuweka madirisha mapya na kuzuia joto lisipotee kutani, wewe mpangaji ukakataa. Ukikataa, sheria inanisamehe miaka mitano."

"Lakini sijakataa."

"Ukisaini utakuwa umekataa."

Ukutani nyuma yake, ukungu mweusi wa unyevu ulioanzia sakafuni Krismasi iliyopita ulikuwa umefika rafu ya visigino. Kifua changu nacho kimeanza kupiga filimbi. Nikipata mpiga ngoma tutatumbuiza harusini.

"Edgar wa juu alisaini?"

"Edgar mtu mwema sana."

Edgar alikuwa akishona makochi ghorofani. Miaka miwili nilimwona Ormerod akipanda ngazi kila Ijumaa na bakuli hilihili, nikadhani ni huruma. Siku moja Edgar akaniambia, huku akikohoa, "Msamaha unaishi nami, Tam. Nikitoka, unakwisha. Hanilishi mimi huyu, anailisha saini." Nilicheka sana. Nilicheka peke yangu.

Jumatatu gari la wagonjwa lilimchukua. Msamaha umetoka naye, na ghorofa yake sasa haipangishiki. Nimebaki mimi.

"Nisiposaini?"

"Mkataba wako unaisha Machi. Duka la G bila msamaha siwezi kukupangisha tena. Utahama, binti yangu, na viatu vyako vyote."

Duka hili alilianzisha shangazi yangu, sina jingine. Nikachukua kalamu. Akasogeza bakuli karibu yangu, mvuke ukanigusa kidevu. Nikaandika kwa herufi kubwa: NAKUBALI. MATENGENEZO YAANZE KESHO.

Nilitegemea atafoka. Alisoma taratibu, akaikunja karatasi, akachukua bakuli lake. Hata kijiko.

"Edgar naye mwanzoni aliandika hivyo hivyo," akasema kwa upole. "Halafu ikaja Januari."

"Unanitisha?"

"Mimi? Mimi naleta supu tu."

Akatoka. Hakuelekea barabarani. Nilisikia viatu vyake, nilivyovitia soli mwenyewe, vikishuka polepole kwenye chumba cha chini, ambako kuna tanuri linalopasha joto jengo zima na ufunguo anao yeye peke yake.

Bomba la joto mgongoni mwangu likagonga mara mbili, likanyamaza, likaanza kupoa.